Likizo ya magurudumu: safari ya Lushoto na ubishi wa kilomita 33

UE zinakaribia, vimbweta vimejaa, kila mtu amenuna utadhani amenyang'anywa bumu. Sasa mimi nikichoka kusoma huwa napanga safari, na safari ya mara hii ni ya likizo ndefu, Septemba, Lushoto. Tuko sita. Tunaenda na mabuti ya kupandia milima, masweta, na viatu vya magurudumu. Ndiyo, skeiti, zile za magurudumu manne mstari mmoja. Msicheke kwanza.

Kwa nini Lushoto? Kwanza bei inaendana na mfuko wa mwanafunzi. Unapanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, unalala usingizi wako, unashtuka uko Mombo, halafu gari linaanza kupanda. Pili hali ya hewa. Joto la Dar mnalijua wenyewe, lakini kule juu, kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku unaomba blanketi la pili. Tumechagua Septemba kwa sababu masika ya Machi hadi Mei yanakuwa yamepita, baridi kali ya Julai imepungua, na vuli haijaanza. Mvua na skeiti haviivi chungu kimoja. Jozi moja ina beringi 16, mbili kwa kila gurudumu. Zikiingia maji na mchanga zinaanza kulia kama mlango wa jela, mwisho zinakufa.

Ratiba yenyewe: siku ya kwanza kupumzika na kuzunguka soko. Ya pili kutembea mpaka Irente, pale kwenye ukingo ambapo mlima unakatika ghafla na unaona tambarare yote chini, huku miguu inatetemeka yenyewe. Njiani kuna shamba la Irente, wanauza jibini na mkate wao. Siku ya tatu msitu wa Magamba, na hapo unalipa kiingilio na unaenda na mwongozaji. Kuna mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya miti, na ukiwa na macho ya kutulia utaona vinyonga. Siku ya nne ni ya magurudumu. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Jamaa yetu wa Injinia, ambaye ndiye fundi wa skeiti na ana jozi tatu za kuazimisha, alikuwa na wazo lake kichwani muda mrefu. Anataka tushuke kwa magurudumu kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita 33, lami tupu. Anasema ni zawadi ya Mungu kwa wateleza. Wawili wakamshangilia pale pale.

Mimi nikachukua kalamu. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gawa kwa kilomita 33, unapata wastani wa mita 30 kwa kila kilomita. Inasikika kidogo, si ndiyo? Lakini wastani hauwezi kukuambia kona iko wapi. Tena fizikia ya kidato cha tano inasema kitu kikishuka mita 10 tu za wima bila kizuizi, kinafika mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Tuseme upepo na msuguano wa magurudumu vinakula nusu ya mwendo huo. Bado unakwenda kilomita 25 kwa saa, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili korongo, na breki yako ni kipande cha mpira nyuma ya kisigino cha mguu mmoja. Kilomita 33 kipande kile kitaisha njiani. Baada ya hapo unasimama kwa nini, kwa uso?

Jamaa akasema mimi mwoga. Sawa. Lakini dada mmoja wa Sheria, mtu wa maneno machache, akauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Kaka, kona ya kule, lori la kabichi likitokea, nani kati yetu atampigia mama yako simu?" Kimya. La pili ndilo lililonikaa moyoni zaidi: "Na yule mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, yeye alikubali lini kushiriki mchezo wetu?"

Jamani, hilo swali sikuwa nalo kwenye hesabu yangu. Barabara ile ndiyo njia ya watu. Watoto wanaipita kwenda shule, mboga zinashuka nayo kila siku kwenda masokoni mpaka huku Dar. Kuvunja mguu wangu ni uamuzi wangu. Mguu wa mtoto wa Soni siyo wangu kuuamulia.

Jamaa akaondoka bila kuaga. Siku tatu hapokei simu, na skeiti zote ziko chumbani kwake. Nikajua safari imekufa, na mbaya zaidi nikaogopa rafiki ndiyo amekwenda. Lakini nilikuwa tayari safari ife kuliko kwenda kwa mpango ule.

Juzi usiku kagonga mlango. Ana mfuko wa vipande vya breki, vipya, vya kila mtu. Hakusema samahani wala sikumwomba aseme. Akasema: "Lakini asubuhi sana, kwenye lami tambarare, mtajifunza kusimama kabla ya kwenda." Tumekubaliana. Tutatafuta shule yenye kiwanja cha saruji, tuombe ruhusa, na watoto wakitaka kujaribu tutawashika mikono. Mombo tutashuka kwa basi, tumekaa.

Kwa hiyo mazoezi yameanza, saa kumi na mbili asubuhi kabla magari hayajaamka. Mwenye helmeti ya ziada au vikinga magoti anitafute Yombo. Na wewe Msambaa uliyeko hapa chuo, nifundishe salamu za kwenu. Mpaka sasa najua "onga maundo" tu, na sitaki kufika ukweni kwa watu nikiwa bubu, hehehe. Haya, narudi kwenye msuli.