Mwalimu wa kwaya alipokubali kuondolewa tezi ya shingo

Watoto ndio waliogundua kwanza. Mama yao, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibosho, alianza kuwafokea kwa mambo madogo: chai iliyomwagika, daftari lililosahaulika. Mikono ilimtetemeka. Alikula vizuri, lakini sketi zilimpwaya. Usiku, baridi ya mlimani ikiwa imewafunika wenzake kwa mablanketi mawili, yeye alitokwa jasho na moyo ulimwenda mbio.

Majirani walisema ni mawazo. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Jibu lilipatikana kwenye kipimo cha damu: tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi. Homoni hiyo ikizidi, mwili huwa kama gari linaloteremka mlima bila breki.

Alianzishiwa vidonge vya kabimazoli, akatulia. Baada ya mwaka mmoja na nusu vikasimamishwa. Miezi michache baadaye, moyo ukaanza tena. Katika kliniki ya KCMC mjini Moshi, yeye na mumewe wakaelezwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuendelea na vidonge na kupima damu mara kwa mara. Mara chache dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, hivyo anayeitumia akipata homa au koo likimuuma, awahi hospitali siku hiyohiyo. Ya pili ni kumeza madini joto yenye mionzi, ambayo huiua tezi taratibu. Kwake hiyo ilimaanisha safari ya Ocean Road, Dar es Salaam, kukaa mbali na mtoto wa miaka miwili kwa siku kadhaa, na kuahirisha ujauzito kwa angalau miezi sita. Ya tatu ni upasuaji.

Mama mkwe alikataa palepale. "Mwanangu, shingo haichezewi."

Yeye aliogopa kitu kingine. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita nyuma ya tezi hiyo, na kanisani yeye ndiye anayeongoza sauti ya kwanza.

Jioni moja, akiwa anatoka kihambani na mkungu wa ndizi, alimsikia mtoto wake mkubwa akimwonya mdogo wake: "Usimsogelee mama leo, moyo wake umeamka." Akauweka mkungu chini, akakaa juu ya jiwe.

Wiki iliyofuata alirudi kliniki na maswali aliyoyaandika kwenye daftari. Daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi? Sauti je? Maisha ya baadaye yatakuwaje? Alijibiwa bila kufichwa. Kwanza dawa ingemtuliza, kwani si salama kupasuliwa homoni zikiwa juu. Madhara ya kudumu kwenye sauti hayatokei mara nyingi kwa mpasuaji mzoefu, lakini hakuna wa kumwahidi. Tezi nne ndogo zinazodhibiti kalsiamu zinaweza kuguswa, hivyo akihisi ganzi vidoleni au mdomoni aseme mapema. Na atameza levothairoksini kila siku, maisha yake yote.

"Baba watoto, nimeamua," alisema wakiwa kwenye daladala. "Kidonge cha kila siku nitakizoea. Watoto kuniogopa, hapana."

Alipozinduka baada ya upasuaji, sauti ilikuwa ya kukwaruza. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Watoto wamekula?"

Mama mkwe, aliyekuwa amekataa, ndiye aliyemletea mtori, kama anavyoletewa mzazi. Kwa wiki kadhaa mwalimu alikaa na kwaya bila kuimba. Sauti imerudi, ingawa zile noti za juu kabisa amewaachia mabinti.

Kila asubuhi, nusu saa kabla ya chai, humeza kidonge kimoja. Anayemletea maji ni yule mtoto mkubwa.