Ticha, huyu mchezaji tumfanyeje?

Kimya kilikuwa kirefu, si unajua tena, test mbili wiki moja, assignment ya saikolojia ya elimu, halafu bumu lilichelewa hadi hata bando ikawa anasa. Nimerudi. Wengi mmekuwa mkiniuliza ule mchezo wetu wa Jumamosi pale kwenye vimbweta umefikia wapi, na kwa nini kuna Jumamosi mbili hatukuonekana. Leo naeleza.

Kwa wageni: tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, wabunifu wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna anayefunga goli. Mmoja anasimulia, kila mwingine ana mhusika wake na anasema mhusika wake anafanya nini. Pale isipojulikana kama ataweza, anarusha dadu ya pande 20. Ni kama hadithi hadithi, hadithi njoo, ila wasikilizaji nao wanaamua inaelekea wapi. Kanuni za msingi zimetolewa bure, tangu Januari 2023 mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia na kuzibadilisha, kwa hiyo tuliprinti kurasa tulizozihitaji pale steshenari tukazibana na pini. Dadu halisi tunayo seti moja tu, wengine wanatumia simu.

Msimulizi ni mimi. Hapa chuo mtu akisoma Ualimu basi kila mtu anamwita ticha, hata kabla hajashika chaki. Ngome za Ulaya niliziacha hukohuko, nikaleta njia ya misafara ya karne ya 19: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wapagazi, pembe za ndovu, shanga, na juu yake nikaongeza majini na vibwengo kwa sababu bila hao mchezo unapooza.

Sasa wachezaji. Jamani, wachezaji!

Tuna mshkaji mmoja anasoma Sheria. Huyu kila dadu ikianguka ana rufaa. “Ticha, ukurasa wa saba hausemi hivyo.” Kuna siku pigano na fisi mmoja tu lilichukua saa nzima, na fisi mwenyewe hakuwa na ubaya wowote. Dawa yake niliitoa darasani: mwanafunzi anayejua sana mpe kazi. Nikamkabidhi zile kurasa zote, nikamwambia, nikikuuliza kanuni una dakika moja ya kuipata, ukishindwa naamua mimi na mabishano tunamalizia kwenye soda. Siku hizi anapekua kwa raha zake na mchezo unasonga. Pia kuna dada wa Biashara ambaye simu haimtoki mkononi. Kwenye kozi ya usimamizi wa darasa tulisoma Jacob Kounin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kinaonyesha kwamba ukimkemea mmoja, wimbi linawapiga na wengine. Basi simkemei, namletea simba. Simba akitajwa upande wake, simu inashuka yenyewe.

Hao ni wa kawaida. Kilichotufungia Jumamosi mbili ni kingine.

Kuna ndugu yetu wa Uhandisi, mcheshi, mwenye sauti, ndiye aliyenunua ile seti ya dadu. Mhusika wake alikuwa mwindaji mwenye tamaa. Alianza kwa kuwaibia wenzake shanga usiku, tukacheka. Akamchoma kisu mzee aliyekuja kutuonyesha njia. Ukimuuliza, jibu ni lilelile ambalo wachezaji wa mchezo huu dunia nzima wanalijua: “Sasa mimi nifanyeje? Mhusika wangu ndivyo alivyo.” Kana kwamba mhusika alijizaa mwenyewe.

Tukafika Tabora. Zamu ya usiku walikuwa wawili, yeye na dada mmoja wa mwaka wa pili anayecheza binti wa mganga. Mshkaji akasema, “Namfunga kamba wakati amesinzia, nampeleka kwa wale wafanyabiashara, namuuza.” Kabla sijafungua mdomo akarusha dadu. Kumi na tisa. Meza ikaangua kicheko.

Dada hakucheka. Aliweka penseli chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Kwao ni pwani, na aliwahi kuniambia kwamba kwenye ukoo wao kuna bibi ambaye hadithi yake inaanzia kwenye msafara na haina mwanzo wa kabla ya hapo. Hakuna anayejua alitoka kijiji gani.

Nikasema, “Hapana. Hiyo haitokei.”

Mwanasheria wetu naye, “Lakini ticha, kumi na tisa ni kumi na tisa!” Nikamuomba asome kanuni kwa sauti. Akasoma: dadu hurushwa msimulizi anapoitaka. Sikuiita. Akanyamaza, na kwa haki akatikisa kichwa kukubali. Dada alikuwa ameshabeba begi lake.

Kesho yake nilimfuata mshkaji hosteli kwake. Sikutaka mazungumzo hayo yafanyike mbele ya watu, maana mwanaume akibanwa mbele ya watu anatetea hata asichokiamini. Tulikaa kwenye ngazi. Alianza na utani, halafu “ni mchezo tu ticha”, halafu akanyamaza. Kisha akaniambia ana sapu tatu. “Darasani nadundwa kila siku. Nyumbani wananiuliza namaliza lini. Pale kimbwetani ndipo mahali pekee nikisema nafanya kitu, kinafanyika.”

Rudolf Dreikurs aliandika kwamba mtoto msumbufu huwa anatafuta kimojawapo kati ya vitu vinne: kuangaliwa, mamlaka, kisasi, au kuonyesha kwamba amekata tamaa aachwe. Nilipoisoma kwa ajili ya mtihani niliikariri tu. Pale kwenye ngazi niliiona imekaa pembeni yangu imevaa ndala.

Nilimhurumia, kweli. Lakini nilimwambia pia kwamba mamlaka anayoyatafuta aliyachukua kwa mtu mwingine, tena mtu ambaye naye ana mitihani yake. Kimbweta si shule. Shuleni mtoto ana haki ya kuwepo hata akiwa mkorofi, mwalimu unahangaika naye mpaka kengele ya mwisho. Kwenye mchezo hakuna mwenye haki ya kiti. Na nikimvumilia yeye, atakayeondoka ni yule dada, kimyakimya, na sisi tutasema “sijui kapotelea wapi”.

Dada nilimuuliza peke yake anataka nini. Akasema, “Sitaki afukuzwe. Sitaki awe nyuma yangu gizani, basi.”

Tukaitisha kikao bila dadu. Wachezaji wa huko nje wana desturi hiyo, kukaa kabla ya kuanza na kukubaliana nini kimo na nini hakimo. Kuna pia kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos: karatasi yenye alama ya X katikati ya meza, yeyote akiigusa jambo linalosimuliwa linarukwa, na halazimishwi kueleza sababu. Yetu niliikata kwenye manila iliyobaki ya microteaching. Tulikubaliana kwamba biashara ya watumwa ipo kwenye dunia yetu, maana ukiiondoa njia ile unadanganya, ila hakuna mchezaji atakayemfanyia mchezaji mwenzake. Mwanasheria alitaka kuandika vifungu na vifungu vidogo. Tulimpa ukurasa mmoja.

Mshkaji alikuja amechelewa, ameshika karanga. Alimwambia dada pole. Dada akajibu, “Nimesikia.” Hakuongeza neno, na hakuna aliyemlazimisha.

Yule mwindaji amekufa kwa homa njiani. Mshkaji sasa anacheza mpagazi wa Kinyamwezi, mzigo mkubwa, maneno machache, na kusema ukweli anamcheza vizuri kuliko yule wa kwanza. Jumamosi hii tulifika mto Malagarasi, maji yamejaa. Binti wa mganga alikuwa bado ng'ambo ya huku. Mpagazi akageuka, na hakuniuliza mimi, alimuuliza yeye: “Nikupe mkono?”

Dada akafikiri. Meza nzima kimya, hata simu ya dada wa Biashara ilikuwa chini.

“Nipe kamba,” akasema. “Mkono hapana.”

Nikaiita dadu. Akarusha. Nne.

Hapo mlinzi akaja na tochi yake, saa nne imefika, tokeni vimbwetani. Kwa hiyo binti yuko katikati ya maji, kamba imemponyoka mpagazi, na Jumamosi ijayo jamaa anakaa sapu ya kwanza asubuhi ndipo aje tuendelee. Haya wadau, nakimbilia foleni ya kafeteria kabla maharage hayajaisha.