Kengele, Nyota na Farasi

Shangazi yangu alipofariki, ami yangu alinivuta kando kabla hata matanga hayajaanuliwa, akaniambia: "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kalamu. Mtungie shangazi yako beti chache za kusomwa siku ya arubaini. Lakini ya karafuu yaache. Maiti hasemwi." Niliitikia, kwani si adabu kubishana na mkubwa penye msiba.

Ya karafuu ni haya. Enzi za ujana wake, wakati ambapo karafuu haikuruhusiwa kuuzwa ila kwa serikali, shangazi alikuwa akivusha magunia usiku kwa mashua, kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya. Alifanya hivyo kwa miaka, akakamatwa, akafungwa, akatoka. Sote tuliyajua, na hakuna aliyeyataja mbele ya wageni.

Nilitunga beti tatu. Vina vilikaa, mizani ikatimia, na humo shangazi akatoka mcha Mungu, mkarimu, mpole, mtu asiyewahi kukanyaga ufuo usiku. Nilipozisoma kwa sauti, sikumwona. Basi kwa kuukimbia ubeti wa nne, usiku ule nilikaa kutazama filamu kongwe ya kauboi kutoka Marekani: Belle Starr, ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Irving Cummings.

Naikiri ladha yake. Gene Tierney, ambaye wakati ule alikuwa hajatimiza miaka 21, anapanda farasi kama aliyezaliwa juu ya tandiko, na rangi za filamu ile zingali tamu. Hadithi yenyewe ni hii: vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha na Kusini imeshindwa. Binti wa watu wakubwa anamhifadhi Kapteni Sam Starr aliyekataa kusalimu amri, na kwa sababu hiyo majeshi ya Kaskazini yanaiteketeza nyumba ya wazee wake. Binti anamfuata Sam porini, anaolewa naye, anakuwa kiongozi wa waasi. Wenzake wanapogeuka wanyang'anyi anaingiwa na shaka, na mwishowe anauawa.

Belle wa kweli alikuwa mwengine. Jina lake la kuzaliwa ni Myra Maybelle Shirley, na alizaliwa Missouri tarehe 5 Februari 1848. Babaye alikuwa na nyumba ya wageni katika mji wa Carthage. Ni kweli kwamba kaka yake aliuawa vitani mwaka 1864, na huenda uchungu ule haukumtoka. Lakini Sam Starr aliyeolewa naye mwaka 1880 hakuwa kapteni wa Kusini; alikuwa Mcherokee, nao waliishi katika nchi ya Wahindi Wekundu ambayo leo ni Oklahoma. Mwaka 1883 Jaji Isaac Parker wa Fort Smith, Arkansas, aliwahukumu wote wawili kwa wizi wa farasi, na Belle akatumikia miezi tisa gerezani Detroit.

Tazama basi kilichotendeka. Mcherokee amefutwa, na mahali pake amewekwa Mzungu, Randolph Scott. Mume wa kwanza, Jim Reed, na watoto wawili aliozaa naye, hawamo. Wizi umegeuzwa uzalendo. Na ndani ya nyumba ile iliyoteketezwa yumo mtumishi mweusi, Mammy Lou, aliyeigizwa na Louise Beavers, ambaye mapenzi yake kwa mabwana zake hayana hata chembe ya swali. Filamu ilitoka miaka miwili tu baada ya Gone with the Wind, na imechota kisima kile kile cha kuililia nyumba kubwa bila kuuliza nani aliyeijenga. Sisi wa visiwa vya karafuu, ambavyo mashamba yake ya kale yalipandwa na mikono ya watumwa, tunaujua ukimya wa namna hiyo. Tumeurithi.

Si Hollywood iliyoanza. Belle aliviziwa na kupigwa risasi mgongoni tarehe 3 Februari 1889, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 41, na hakuna aliyepatikana na hatia ya kumuua. Mwaka ule ule mchapishaji Richard K. Fox wa New York alitoa kitabu kilichomvisha taji la malkia wa majambazi. Huyu alimwongezea dhambi ili auze. Filamu ikampunguzia ili apendwe. Mwanamke mwenyewe akapotea katikati. Kumtakasa mtu hata asihitaji tena kusamehewa, kwangu mimi, ni kumpiga risasi ya pili, nayo pia ni ya mgongoni.

Lakini kuna wa tatu aliyemsimulia. Binti yake, Pearl, alimwekea mama yake jiwe la kaburi. Juu yake pamechongwa kengele, nyota, na farasi, na chini yake beti za maombolezo. Kengele na nyota ni mchezo wa jina lake; hayo nimeyaelewa upesi. Kilichoniweka macho ni farasi. Kati ya mapambo yote ya duniani, mtoto alichagua mnyama yule yule aliyempeleka mama yake gerezani, akamchonga juu ya kichwa chake. Hakumtukana mama, wala hakumficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nadhani wala haombolezi.

Alfajiri niliutunga ubeti wa nne. Nilitia mashua ndani yake, na giza, na harufu ile ambayo haikutoka katika kanga zake hadi uzeeni. Sikusema alitenda haki, sikusema alikosa. Nilisema alivuka.

Siku ya arubaini nilizisoma zote nne. Nilipofika mwisho, ami aliinamisha uso, akawa anazihesabu nyuzi za mkeka. Kutoka upande wa wanawake, bibi mmoja alicheka kidogo, kisha sauti ikamkatika. "Ehe," akasema, "huyo ndiye."

Ami hajanisemesha juu ya ubeti ule hadi leo.