Mkoa wa 15

Agosti 1988 nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Mwazye, nikateuliwa kuwa karani wa sensa. Juu ya dodoso palikuwa na visanduku vya namba: mkoa, wilaya, kata, eneo, kaya. Kwenye mkoa tulijaza 15, yaani Rukwa. Mkufunzi alisisitiza namba, kwani kompyuta haitambui kuwa Sumbawanga na S'wanga ni mji uleule.

Kazi ilikuwa kwenye swali la nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 28. Mama mmoja aligusa dodoso langu kwa kidole. "Mwalimu, baba watoto yuko Ziwa Rukwa, kwenye samaki. Nyumba ni yake, nawe humwandiki?" Nikamweleza kuwa ataandikwa kambini alikolala, nikimwandika na hapa atakuwa watu wawili. Hakuridhika, ila alinitajia watoto wote, mmoja mmoja.

Nchi nzima ilipata watu milioni 23 na ushei.

Wakati ule mikoa ya Bara iliishia 20, Mara. Manyara ilipozaliwa 2002 ikapewa 21. Mwaka 2012 Mpanda ikatoka kwetu ikawa Katavi, nami nikadhani orodha yote itapangwa upya. Wapi! Rukwa ilibaki 15, Katavi ikapewa 23, na Songwe ikaja kuchukua 26. Zanzibar inaanzia 51, na katikati nafasi zimeachwa tele. Waliopanga orodha ile waliifikiria mikoa ambayo haikuwapo bado, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Namba ya mkoa ingehamishiwa mkoa mwingine, kila dodoso la zamani lingesema uongo.

Lakini namba peke yake haitoshi. Mwazye tulihesabiwa wilaya ya Sumbawanga Vijijini. Leo tuko wilaya ya Kalambo, na hakuna nyumba iliyosogea. Anayelinganisha 1988 na 2022 bila jedwali la kuonyesha kijiji kilitoka wilaya ipi kwenda ipi, ataona Sumbawanga imepungua, aandike kuwa watu wamehama. Kubuni kanzidata kubwa ni mwanzo. Kuandika kila badiliko, mwaka hadi mwaka, ndiyo kazi inayochosha na isiyosifiwa. Jedwali la namna hiyo lingebandikwa kila ofisi ya kata, pamoja na matokeo ya sensa.