Daftari la Mikopo: Newala, Msimu wa 2018/19

Alhamisi, 28 Juni 2018
Kamati ya mikopo tumekaa mpaka alasiri. Mikorosho inachanua na ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri kikao. Msimu uliopita salfa, dawa yake, ilitolewa bure. Safari hii kila mtu ajinunulie. Isitoshe, Bungeni wameamua ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende Mfuko Mkuu wa Serikali, na ile sehemu iliyokuwa ikirudi kwenye zao haipo tena. Ndiyo maana foleni ya waombaji wa mkopo wa salfa imefika barabarani. Tumekubaliana marejesho yawe mwisho wa Desemba, kwa makato kwenye malipo ya korosho.

Jumamosi, 18 Agosti
Nimezunguka mashambani. Shangazi kapuliza nusu tu ya mikorosho yake. Salfa iliyobaki kaiuza, mjukuu alikuwa mgonjwa. Sikumlaumu: tulimkopesha dawa ya mikorosho, na shida yake ilikuwa hospitali.

Jirani yake kachukua fedha ya kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya mnada. Korosho kaziuza zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Hizo hazitapita ghala la mnada kwa jina lake, kwa hiyo makato hayatamkuta. Nilipomuuliza, alinijibu: "Kaka, ada ya mtoto haingoji mnada."

Jumapili, 28 Oktoba
Wakulima wamegoma kuuza mnadani. Bei iko chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na mwaka jana ilivuka 4,000. Wana haki. Lakini tulipogawa mikopo tulipiga hesabu kwa bei ya mwaka jana, kana kwamba soko limetuahidi kitu.

Jumatatu, 12 Novemba
Rais Magufuli ametangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na jeshi litazisomba. Ofisini ni vifijo. Kwa bei hiyo karibu kila mkopaji wetu analipa na chenji inabaki. Swali langu ni moja: lini?

Jumamosi, 9 Februari 2019
Wengine wamelipwa, wengine bado. Wenye korosho nyingi wanahakikiwa mashamba kwanza ili wa kangomba wabainike. Leo mwenyekiti kaleta orodha ya wadaiwa sugu tuibandike ukutani. Nimeipitia jina kwa jina. Yumo yule aliyekwepa ghala kwa makusudi. Yumo pia mama ambaye korosho zake zote zilipokelewa Oktoba, stakabadhi anayo mkononi, na hajaona hata senti. Riba anahesabiwa sawa na yule mkwepaji. Nimekataa kutia sahihi.

Jumapili, 10 Februari
Nimeandika hoja za mkutano mkuu. Marejesho yahesabiwe tangu siku mkulima anapolipwa, na riba isimame wakati korosho ziko ghalani. Mkopo upimwe kwa bei ya chini, tusidanganywe na msimu mmoja mnono. Salfa itolewe kwa awamu, baada ya kuona shamba. Uwepo mfuko mdogo wa ada na matibabu, maana huko ndiko kangomba anakoingilia. Na anayekwepa ghala kwa makusudi asikopeshwe msimu unaofuata, hata akiwa ndugu wa kiongozi.

Hii ya mwisho itanipunguzia kura. Nitaisoma ya kwanza.