Dar mpaka Kyela ni saa ngapi?

Najua nimepotea. Test zilinibana, halafu likatokea lile ambalo wengi wenu wa hosteli mnalijua.

Kila mwaka wa masomo ukianza lazima mtu aniulize Kyela iko wapi. Jibu langu ni lile lile: panda basi Mbezi saa 12 asubuhi, pita Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, utashuka usiku miguu imevimba. Hata bibi, kila akiniuliza kwenye simu nakuja lini, nilimjibu, "Bibi, ni mbali." Miaka miwili wimbo ni huo huo.

Alhamisi ile saa 5 usiku baba akapiga. "Mwanangu, bibi yako ametutoka. Tunazika kesho saa 8."

Nikapiga hesabu palepale kitandani. Mabasi ya usiku yalishaondoka. La asubuhi lingenifikisha watu wameshazika. Ndege ya asubuhi ilikuwepo, ila bumu lilishayeyuka zamani. Nyie ndio mlipita chumba kwa chumba na kofia. Machozi ya kwanza yalinitoka nilipoiona ile kofia.

Basi nikapanda ndege kwa mara ya kwanza. Dar mpaka Songwe ni kama kilometa 690 hewani, wakati barabara mpaka Mbeya inapita 800. Sijamaliza hata juisi, tunaambiwa tufunge mikanda. Saa moja na kitu! Nikakumbuka ile "ni mbali" yangu, nikaona aibu peke yangu dirishani.

Saa 3 na nusu nikawa chini. Nikajua nimewahi. Kumbe uwanja wa Songwe uko nje ya mji, upande wa kwenda Tunduma, na Kyela ni upande mwingine kabisa. Ikabidi nipite Mbalizi, foleni ya Mwanjelwa, mpaka Uyole. Hapo Coaster ikasubiri ijae. Tukuyu mvua na baridi, nimejikunyata. Kushuka Kyela joto, sweta begani. Kisha bodaboda mpaka Ipinda, mashamba ya mpunga na kokoa huku na huku. Ndege ilikula saa moja na kitu, nchi kavu ikala saa tano na nusu.

Nilifika saa 9. Kaburi lilishafunikwa, ila watu bado wamekaa. Shangazi akanishika mkono, akanipeleka. Nikachota udongo kidogo nikaweka. Hakuna aliyeniuliza nimechelewa wapi.

Nimerudi jana, kwa basi. Zile saa zote nilikuwa na babu kichwani, amebaki peke yake pale nyumbani. Likizo ijayo naenda, tena kwa basi hilo hilo, miguu ivimbe tu.

Mliochanga, majina yenu ninayo yote. Kama tunavyosema kwetu, ndaga fijo. Mchele wa Kyela uko chumbani, njooni na sahani.