Tela Letu la Katwe

Shemeji yetu hushindana mbio za magari hapa Uganda, nasi, walimu wa sarufi, tulijitwika kumwundia tela la kubebea gari lake. Kule Katwe, Kampala, tulinunua ekseli kuukuu na vyuma, fundi akachomelea. Siku ya kwanza barabarani, tela likayumba kama mkia wa kenge, nusura tumtumbukize shemeji mtaroni. Tuliporudi fundi alicheka:

"Mwalimu, gari umeliweka nyuma mno!"

Kumbe yapasa yapata sehemu moja katika kumi ya uzito wote ikandamize ndoano ya gari livutalo. Ikipungua, tela huyumba. (Chuoni hatukufunzwa hayo.) Tulisogeza gari mbele shubiri tatu, tukakaza minyororo. Shemeji hakutamka neno mpaka Jinja.